Pikipiki ya Zamani, Fundi Wewe Mwenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nikichuchumaa uani Jumamosi asubuhi, hapa kwetu Kigamboni, haipiti nusu saa bila mtu kusimama na kuuliza jambo. Wengine ni vijana wa bodaboda, wengine wamerithi pikipiki ya mzee na hawajui waanzie wapi. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyapanga hapa na majibu ninayoyatoa. Nimeyapa namba ili nisirudie jambo moja mara tatu.

## Kabla hujashika spana

1. Pikipiki ya zamani ni ipi hasa?

Ni ile yenye kabureta, kiki na breki za ngoma, isiyo na kompyuta yoyote ya kuamua mafuta yaingie kiasi gani. Honda CG125 na XL, Yamaha DT na AG100, hata Boxer na TVS za mwanzo ambazo zimeshachoshwa na bodaboda. Majibu mengi hapa ni ya injini za stroku nne. Pale ambapo stroku mbili inatofautiana, nitasema.

CG125 itatajwa sana kwa sababu ndiyo niliyoachiwa na marehemu baba. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo kama punda na oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Hawakuweka cheni ya taimingi. Valvu zinasukumwa na fito, na hilo limepunguza kitu kimoja cha kuharibika. Wachina waliipenda injini hiyo wakainakili, ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina unazopishana nazo mjini ni binamu zake, na spea nyingi zinaingiliana.

2. Nianze na vifaa gani?

Spana za 8, 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, plaizi, bisibisi, brashi ya waya, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi ya tapeti, yaani vile vinavyosukuma valvu) na multimita, kipimo cha umeme, ya bei ndogo. Multimita watu huiruka wakidhani ni ya mafundi umeme, lakini ndiyo itakayokuzuia kununua betri usiyoihitaji. Ongeza beseni pana la kumwagia oili na makopo matupu ya kuwekea nati, kila kazi na kopo lake.

Jambo moja kuhusu bisibisi. Skrubu za pikipiki za Kijapani zina kichwa cha msalaba kinachofanana na cha bisibisi ya nyota ya kawaida, lakini si kilekile. Zinafuata kipimo cha Kijapani, JIS. Ukitumia bisibisi isiyokaa sawasawa, inaruka na kula kichwa cha skrubu. Ikigoma, weka bisibisi, gonga kwa nyundo mara mbili tatu, ndipo uzungushe huku umekandamiza.

3. Nakaa nyumba ya kupanga na uani watu wanapikia mkaa. Naweza kufanya kazi hapo?

Kazi za cheni, breki na umeme, ndiyo. Kazi yoyote inayofungua njia ya petroli, hapana, mpaka majiko yazimwe au wewe uhame. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji na unaweza kulifikia jiko lililo hatua kadhaa kutoka ulipo. Mimi kabureta naifungua alfajiri kabla mama wa chumba cha pili hajawasha moto wa vitumbua, na tenki nalitoa kabisa nje ya geti. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Maji usiyafikirie, yataibeba petroli inayowaka na kuisambaza.

4. Nifuate ratiba gani?

Kama una kitabu cha pikipiki yako, fuata kitabu. Kama huna, yangu ni hii: oili naiangalia kila wiki na kuibadilisha kila kilomita 1,500 hivi, cheni kila kilomita 500, wakati wa masika kila 250, na plagi, tapeti na eya klina kila kilomita 3,000. Barabara ya vumbi ikiwa ndiyo njia yako ya kila siku, eya klina isisubiri hesabu.

## Oili na petroli

5. Naweza kuweka oili ya gari?

Usiweke. Kwenye gari, oili ya injini hailoweshi klachi. Kwenye pikipiki nyingi za stroku nne, oili moja inahudumia injini, giaboksi na klachi kwa pamoja. Oili nyingi za kisasa za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Niliwahi kuweka oili ya gari iliyobaki kwenye kopo la jirani, na ndani ya wiki moja pikipiki ilikuwa inaunguruma kwa hasira kwenye kilima huku mwendo hauongezeki.

Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2. Kwa joto la Dar na injini iliyochoka, 20W-50 ni chaguo la kawaida. Stroku mbili ni habari nyingine: giaboksi ina oili yake, na injini inalainishwa na oili inayoungua pamoja na petroli, ama kwa kuchanganya kwenye tenki au kwa pampu yenye kitenki chake, kama Yamaha DT.

6. Namwaga vipi oili, na ile chafu niipeleke wapi?

Washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, zima, weka beseni, fungua nati ya chini. Ikiwa ya moto hutoka na uchafu wake, ikiwa ya baridi huuacha chini. Paka vidole oili hiyo uiangalie juani. Weusi ni kawaida. Chembe za kung'aa si kawaida. Rudisha nati pamoja na washa yake, kaza kwa kiasi, maana uzi wa kwenye alumini ukishakatika umekatika. CG125 inachukua takriban lita moja. Haina filta ya karatasi. Ina wavu mdogo na kikombe kinachozunguka na kunasa uchafu, na vyote viwili husafishwa.

Oili chafu usimwage mtaroni. Maseremala na wajenzi wanaitaka kwa kupaka mbao dhidi ya mchwa. Hapa kwetu haimalizi siku mbili kabla mtu hajaiomba.

7. Nitajuaje petroli yangu ina maji au imechakachuliwa?

Maji ni rahisi. Fungua skrubu ya chini ya kabureta, kinga petroli kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji yatakaa chini na mstari utauona. Mara nyingi hayatoki kituoni bali kwenye mfuniko wa tenki uliochoka, hasa pikipiki inapolala nje wakati wa mvua. Mafuta ya taa ni magumu kuyagundua kwa macho. Tone la petroli safi kwenye karatasi hukauka haraka bila kuacha doa la mafuta. Lililochanganywa huchelewa na kuacha doa. Si kipimo cha maabara, lakini kinasaidia kuamua kama utarudi kituo kilekile.

8. Tenki lina kutu ndani. Ninunue jingine?

Bado. Mwaga petroli yote, toa koki, ziba tundu, weka kokoto ndogo au nati kuukuu pamoja na maji ya sabuni, tikisa mpaka mikono iume. Suuza, kisha jaza siki uiache siku moja au mbili. Ukiimwaga, suuza kwa maji yenye baking soda kidogo, kausha juani papo hapo na uweke petroli siku hiyohiyo, vinginevyo kutu itarudi kabla ya magharibi. Hesabu kokoto unazoingiza na unazotoa. Ukiona matundu, hapo tenki limekufa. Asije fundi wa kuchomelea akaliwekea moto tenki lililobeba petroli. Hata likiwa tupu, mvuke uliobaki ni bomu.

## Haiwaki, au inawaka kwa kunung'unika

9. Nimepiga kiki mpaka mguu umekufa ganzi. Nianzie wapi?

Anza na vitu vya aibu: swichi ya kuzimia kwenye usukani, koki ya mafuta, tenki lenyewe. Nimeitwa mpaka mtaa wa Tungi saa mbili usiku kwa ajili ya koki iliyofungwa na mtoto.

Baada ya hapo, injini inataka vitu vitatu: petroli, moto na mgandamizo wa hewa. Usibadilishe spea yoyote kabla hujajua ni kipi kimekosekana. Hapo ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Kijana ananunua plagi, haiwaki. Ananunua koili, haiwaki. Ananunua CDI (kisanduku kinachopangia plagi cheche), na kumbe jeti ya kabureta, kitundu chembamba cha petroli, imeziba kwa punje ya kutu.

Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini mbali na tundu ulikoitoa, kisha mwenzako apige kiki. Fanya hivyo kivulini, kwa sababu cheche juani haionekani. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika jirani. Cheche iwe ya samawati na kali. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo, jaribu plagi nyingine nzima kabla ya kuendelea na waya, kofia ya plagi na swichi.

Cheche ikiwepo, itazame plagi uliyoitoa. Ikiwa kavu, petroli haifiki: fungua skrubu ya chini ya kabureta uone kama inatiririka. Isipotiririka, tatizo liko juu, kwenye koki, mpira au mfuniko wa tenki. Ikitiririka, tatizo liko ndani ya kabureta, nenda swali la 12. Plagi ikiwa imelowa, umeijaza: zima choki, vuta mafuta mpaka mwisho, piga kiki mara tano plagi ikiwa nje na imegusishwa chuma mbali na tundu, maana mvuke unaotoka hapo unawaka. Ikaushe na urudishe.

Mgandamizo upime kwa kidole gumba. Ziba tundu la plagi, mwenzako apige kiki taratibu. Kidole kisukumwe kwa nguvu usiweze kukizuia. Kikikaa tu, soma swali la 17 na la 18.

10. Rangi ya plagi inasema nini?

Kahawia ya maziwa: injini ina afya. Nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria: petroli nyingi au hewa kidogo, anza na eya klina. Nyeusi na yenye utelezi: oili inaungua ndani. Nyeupe: petroli kidogo, au hewa inapenya kwenye mpira wa kabureta. Hii nyeupe usiipuuze kwa sababu injini inachemka, na kwenye stroku mbili inaweza kunoki, yaani pistoni kugandia ndani ya silinda.

Unapoirudisha, izungushe kwa vidole mpaka igote ndipo ushike spana. Mimi niliwahi kuilazimisha ikiwa imekaa upande, nikala uzi wa silinda hedi. Plagi ya bei ya soda ilinipeleka kwa fundi wa mashine.

11. Asubuhi inawaka vizuri. Ikipata moto inazima, ikipoa inawaka tena. Shida nini?

Washukiwa ni watatu. Wa kwanza ni kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tenki. Kikiziba, petroli inashindwa kushuka. Ikizima tu, fungua mfuniko. Ukisikia hewa ikivutwa, na pikipiki ikawaka, umemaliza kazi bila kununua kitu.

Wa pili ni umeme: koili, CDI au koili ndogo ya kwenye magneto ambayo waya zake zikipanuka kwa joto zinaachana. Hapa lazima upime cheche palepale ilipozimia, injini ikiwa ya moto. Ukisubiri ifike nyumbani itakuwa imepoa na itakudanganya. Nilihangaika na hii wiki tatu, na kila nilipopima uani cheche ilikuwa nzuri. Niliipata siku nilipobeba plagi ya ziada na spana mfukoni mpaka darajani.

Wa tatu ni valvu zilizobana, swali la 18.

12. Kabureta nisafishe mwenyewe?

Ndiyo, ila piga picha kila hatua. Kabla hujagusa skrubu ya mchanganyiko, izungushe ndani taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka ikae, andika namba hiyo, ndipo uitoe. Jeti usizichokonoe kwa pini wala waya wa chuma. Tundu likipanuka kidogo tu, pikipiki itakunywa mafuta siku zote. Tumia petroli safi, uzi wa nailoni wa kuvulia samaki na pampu ya baiskeli. Boya litikise sikioni. Likiwa na kioevu ndani, limetoboka.

13. Taa hafifu, honi inakohoa. Betri imekufa?

Pima kwanza. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Washa injini, vuta mafuta kidogo, na isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, betri haina kosa, haichajiwi: angalia regyuleta (kidhibiti chaji), soketi zake na waya za magneto. Ikipita 15, regyuleta imeachia na inachemsha betri.

Pikipiki nyingi za miaka ya 1970 na 1980 ni za volti 6. Betri ya 12 humo itaunguza balbu zote. Na kabla ya chochote, tafuta waya wa ethi unaoshika chasisi, ufungue, sugua mpaka chuma king'ae, upake grisi, urudishe. Kwa jirani zangu, hilo pekee limetibu zaidi ya nusu ya "betri mbovu".

## Cheni, breki na tairi

14. Cheni ilegee kiasi gani?

Kwa pikipiki za barabarani kama CG, milimita 20 hadi 30 ukiipandisha na kuishusha katikati, mahali ilipobana zaidi. Pikipiki za njia mbovu kama XL na DT zinahitaji zaidi. Ipime pikipiki ikiwa kwenye stendi, kisha mtu akae juu yake uhakikishe haijakaza kabisa, kwa sababu uzito huibana, halafu linganisha alama za pande zote mbili za ekseli. Baada ya hapo kagua breki ya nyuma. Ekseli ikirudi nyuma, fito ya breki inabadilika, na wengi wameligundua hilo kwenye taa za Tazara.

Klipu ya kiungo ielekeze mwanya wake nyuma, upande uliofunga uongoze mbele. Cheni na sproketi zake badilisha pamoja. Oili chafu inashika mchanga na kugeuka msasa, kwa hiyo usiipake hata kama kijiwe kizima kinafanya hivyo.

15. Breki za ngoma zinapiga kelele na hazishiki. Nifanyeje?

Fungua, toa vumbi kwa kitambaa kilicholowa. Usipulize kwa mdomo wala kwa pampu, kwani shu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Shu zikiwa nene lakini zinang'aa kama kioo, zisugue kwa msasa. Zikiwa zimelowa oili au grisi, zitupe, halafu tafuta sili inayovuja. Kamshafti ya breki ipake grisi kidogo sana, kwenye chuma tu.

16. Tairi ina kashata nzuri ila ni ya siku nyingi. Inafaa?

Soma tarakimu nne za mwisho pembeni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona nyufa ubavuni, hata kashata ikiwa mpya, usipakie mtu.

## Injini yenyewe

17. Inatoa moshi. Ringi zimekwisha?

Inategemea rangi na wakati. Moshi wa bluu unapowasha asubuhi kisha ukapotea: sili za valvu, unaweza kuishi nazo. Bluu kila unapovuta mafuta: ringi na silinda. Mweusi ni petroli nyingi, rudi swali la 10. Mweupe wa asubuhi siku ya baridi ni mvuke tu. Stroku mbili hutoa moshi kwa asili yake. Cha kutisha ni pale moshi wake unapoacha ghafla, maana huenda oili imekwisha.

18. Tapeti zinagonga. Nizibane mpaka zinyamaze?

Hapana! Tapeti iliyonyamaza kabisa inatisha kuliko inayogonga kidogo. Ikibana sana, valvu haifungi vizuri, mgandamizo unapungua na valvu inaungua.

Injini iwe baridi, ya usiku kucha. Toa plagi, fungua kifuniko cha magneto, zungusha mpaka alama ya T ilingane na alama ya nje, na tapeti zote mbili zichezeke kwa vidole. Zikiwa zimebana, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Kwa CG125 nafasi ni milimita 0.08. Fila geji ipite kwa kusuasua. Kaza nati, pima tena, kwa sababu kukaza huko huko hubadilisha kipimo.

19. Klachi inateleza.

Swali la 5 kwanza. Kisha waya: mkono wa klachi uchezeke milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla haujaanza kuvuta. Hivyo vyote vikiwa sawa, pleti zimekwisha.

20. Ringi nibadilishe mwenyewe?

Kufungua, kusafisha na kurudisha, unaweza. Kupima silinda na kuibori hapana. Hiyo ni kazi ya mashine. Ipeleke silinda pamoja na pistoni utakayotumia, kwa sababu silinda huchongwa kufuata pistoni. Kuweka ringi mpya kwenye silinda iliyolika ikawa na umbo la yai ni kutupa pesa.

## Mvua, bahari na spea

21. Imezama kwenye mafuriko ya bonde la Jangwani. Niipige kiki?

Usiiguse kiki wala stata. Maji hayagandamiziki, na ukilazimisha unaweza kupinda koni rodi. Toa plagi, ndipo upige kiki taratibu mpaka maji yatoke. Mwaga kabureta, kausha eya klina, angalia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage, weka ya bei nafuu, washa dakika chache, imwage tena, kisha weka ya kweli. Fungua ngoma za breki uzikaushe.

22. Nakaa karibu na bahari. Kutu inaimaliza.

Chumvi haihitaji maji, upepo unatosha. Ioshe kwa maji ya bomba yasiyo ya kisima cha chumvi, hasa spoku, chini ya madigadi na soketi za waya. Turubai la plastiki linalogusa chuma linafungia unyevu ndani, afadhali kivuli kilicho wazi.

23. Nitatambuaje spea feki nikienda kwenye maduka ya Kariakoo au mtaa wa Gerezani?

Beba ile ya zamani mkononi. Linganisha uzito, uzi, na maandishi yaliyochorwa kwenye chuma badala ya yale ya kwenye boksi. Beringi izungushe sikioni. Kwa vitu vya usalama, yaani shu, waya wa breki na cheni, usinunue ya bei ya chini kabisa. Spea ya mtumba ya Kijapani mara nyingine inaishinda mpya ya boksi zuri.

24. Nikiweka injini nyingine itakuwa shida?

Kwa bolti huenda ikaingia vizuri. Kwa makaratasi, kadi ina namba ya chasisi na ya injini, na zisipolingana utahojiwa barabarani na siku ya kuuza. Chukua risiti na hati za injini hiyo, nenda TRA (mamlaka ya mapato) wabadilishe kumbukumbu kabla hujaanza kuitembelea.

25. Nimerithi pikipiki iliyokaa miaka kumi stoo. Nianze na lipi?

Tamaa ya kupiga kiki izuie. Toa plagi, weka vijiko viwili vya oili kwenye silinda, uache usiku mzima ili ringi zilizoganda zilegee. Kesho yake weka gia ya juu, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likigoma, usilazimishe, ongeza oili na usubiri siku nyingine. Likizunguka, badilisha oili, safisha tenki na kabureta kama swali la 8 na la 12, tupa mpira wa petroli, fungua breki. Panya hupenda eya klina, hivyo tazama humo kabla injini haijavuta kiota. Tairi na tyubu usizibishanie, weka mpya.

Ndipo upige kiki. Ikikubali, iache iungurume dakika tano bila kuivuta mafuta, uzime, na oili ile uimwage ikiwa bado ya moto.